Sura ya 6: Kamera Zikitembea, Nani Asimame?

Mwaka 2016 droni ndogo zenye mabawa, nyepesi kiasi cha kurushwa kwa mkono, zilianza kupita juu ya Unguja na Pemba zikipiga picha za ardhi kipande kwa kipande. Mradi ulikuwa wa Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar kwa msaada wa Benki ya Dunia, na miongoni mwa waliofunzwa kuzirusha walikuwemo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Shabaha ilikuwa visiwa vizima, zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Pikseli moja ya picha hizo ilibeba sentimita chache tu za ardhi. Matangi ya maji juu ya mapaa yalihesabika, na ngalawa zilizopandishwa ufukweni nazo zilionekana moja moja.

Fumbo liko kwenye kamera yenyewe. GPS ya kawaida ya droni ndogo hukosea kwa mita kadhaa, na upepo ukivuma ndege huinama, hupinda, huchelewa kidogo au huwahi kidogo. Kifaa kisichojua kilipo ndani ya mita tatu kinawezaje kutoa ramani inayosomeka kwa sentimita? Tena kwa maelfu ya picha, kila moja ikiwa na kosa lake?

Kinachoiokoa kazi hiyo ni kwamba picha zinashuhudiana. Marubani hupanga njia ili kila picha ilalie jirani yake kwa zaidi ya nusu, hivyo kona moja ya paa huonekana kwenye picha tano, kumi au zaidi, kila mara kwa pembe tofauti. Kutokana na tofauti hizo kompyuta hutafuta mambo mawili kwa pamoja: kamera ilikuwa wapi, na kona iko wapi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalojulikana mwanzoni. Jiometri ya kamera zinazotembea ni ufundi wa kuyapata yote mawili bila kulijua lolote, na sharti lake la kwanza ni kwamba lazima pawe na kitu kilichosimama.

Mwali mmoja, mstari mmoja

Tuichukue kona ya bati kwenye nyumba moja ya Makunduchi. Katika picha ya kwanza kona hiyo ni pikseli moja, na pikseli si mahali, ni mwelekeo. Kompyuta inajua kwamba kona iko mahali fulani kwenye mwali unaotoka kwenye lenzi kuelekea chini, lakini iko umbali gani kwenye mwali huo, haijui.

Droni inasogea mita hamsini na kupiga picha ya pili. Mwali ule wa kwanza, ukitazamwa kutoka mahali papya, huonekana kama mstari ulionyooka unaokata picha. Kwa kuwa kona iko kwenye mwali, sura yake katika picha ya pili lazima ianguke juu ya mstari huo, haina pengine pa kwenda. Wataalamu huuita mstari wa epipola, na juu yake ndipo nadharia nzima ilipojengwa.

Sasa igeuze hoja hiyo. Ikiwa hatujui kamera ya pili ilikuwa wapi, tunaweza kujaribu mahali mbalimbali mpaka tupate pale ambapo kila kona, kila jiwe na kila shina la mnazi linaangukia kwenye mstari wake. Mahali hapo ndipo kamera ilipokuwa.

Mwaka 1981 Mwingereza Christopher Longuet-Higgins alionyesha katika jarida la *Nature* kwamba hakuna haja ya kubahatisha. Alikuwa mkemia wa nadharia aliyehamia kwenye utafiti wa akili ya binadamu na jinsi macho mawili yanavyoona kina. Katika makala fupi alikusanya mwendo wote wa kamera, kugeuka kwake na kusogea kwake, ndani ya jedwali la namba tisa, yaani matriksi yenye safu tatu kwa tatu. Mtu akiipa kompyuta nukta nane zinazoonekana kwenye picha zote mbili, namba hizo hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa hisabati angeifuata.

Nukta nane ni nyingi kuliko inavyohitajika. Hesabu yake ni hii: kamera inaweza kugeuka kwa njia tatu, na inaweza kusogea kuelekea upande wowote, jambo linaloelezwa kwa namba mbili zaidi. Jumla tano. Kila nukta inayoonekana kwenye picha zote mbili hutoa sharti moja, kwa hiyo nukta tano zinatosha. Mwanahisabati wa Austria, Erwin Kruppa, alikwisha kulithibitisha hilo mwaka 1913, kabla ya zama za kompyuta. Tatizo ni kwamba nukta tano hutoa majibu kadhaa yanayowezekana, si moja: Kruppa alihesabu hadi 11, na waliomfuata wakasahihisha kuwa ni 10. Ilipofika mwaka 2004 David Nistér alichapisha njia ya kuyapata majibu hayo kwa kasi inayofaa mashine iliyo kazini.

Nane hadi tano inaonekana tofauti ndogo. Uzito wake unaonekana pale data inapokuwa chafu, na data ya picha huwa chafu daima.

Mapaa yanayofanana

Kompyuta haijui kona ya bati ni nini. Inachofanya ni kuchukua kiraka kidogo cha picha, kukigeuza kuwa orodha ya namba, kisha kutafuta orodha inayofanana nayo kwenye picha nyingine. Njia iliyotamba zaidi, SIFT, iliyotolewa na David Lowe wa Kanada mwaka 1999, hutumia namba 128 kwa kila kiraka. Inavumilia mwanga kubadilika na kamera kugeuka. Lakini mabati ya nyumba hii yanafanana na mabati ya nyumba ile, na kuti la mnazi mmoja halina tofauti kubwa na kuti la jirani yake. Matokeo yake ni jozi nyingi za uongo: nukta A ya picha ya kwanza imeozeshwa nukta B ya picha ya pili, kumbe hazijuani.

Kuchukua wastani hakusaidii, kwani uongo mmoja mkubwa unaweza kuuvuta ukweli mwingi nje ya njia. Dawa ilitoka Marekani, pia mwaka 1981, kwa Martin Fischler na Robert Bolles wa taasisi ya SRI, nayo inajulikana kwa jina la RANSAC. Wazo lake ni la kijasiri: chagua jozi chache kwa bahati nasibu, kokotoa mwendo wa kamera kutokana na hizo tu, halafu uliza jozi zilizobaki ngapi zinakubaliana na mwendo huo. Rudia mara nyingi. Mwendo uliopata wafuasi wengi hubaki, na jozi zilizoukataa hutupwa.

Hapa ndipo tano inapoishinda nane. Tuseme nusu ya jozi ni za uongo. Uwezekano wa kuchota jozi tano zote za kweli ni 1 kati ya 32, wakati wa kuchota nane zote za kweli ni 1 kati ya 256. Ili kuwa na uhakika wa asilimia 99 kwamba angalau mchoto mmoja ulikuwa safi, mwenye kutumia nukta tano hujaribu takriban mara 145, na mwenye kutumia nane hujaribu karibu mara 1,180. Kwa roboti inayopokea picha 30 kila sekunde, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama itaweza kukwepa ukuta au la.

Kukaza nyuzi zote kwa pamoja

Kuunganisha picha mbili mbili huacha makosa madogo, na makosa madogo hurundikana. Mlolongo wa picha mia unaweza kuanza vizuri na kuishia ukiwa umepinda. Kwa hiyo hatua ya mwisho huchukua picha zote na nukta zote na kuzisogeza kidogo kidogo kwa wakati mmoja, mpaka miali yote ipite karibu iwezekanavyo na pikseli ilikotoka. Ni kama fundi anayekaza spoku za gurudumu la baiskeli: akikaza moja peke yake gurudumu linapinda, hivyo huzungukia zote mpaka lizunguke sawa.

Mmarekani Duane Brown aliiandika hesabu hiyo mwaka 1958 kwa ajili ya Jeshi la Anga la nchi yake, katika enzi ambayo namba zililishwa kompyuta kwa kadi zilizotobolewa. Ukubwa wa kazi unatisha hata leo. Kila picha ina mambo sita yasiyojulikana, na kila nukta matatu. Picha 1,000 zenye nukta 500,000 huleta mambo zaidi ya milioni moja na nusu ya kutafutwa kwa mpigo mmoja. Kinachorahisisha ni kwamba kila nukta huonekana kwenye picha chache tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya jedwali la hesabu ni sifuri, na kompyuta huziruka.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, wakiongozwa na Sameer Agarwal, waliisukuma hesabu hiyo mpaka Roma. Walichukua picha 150,000 za mji huo zilizopakiwa na watalii kwenye mtandao wa Flickr, wakazigawa kwa kompyuta zenye viini karibu 500, na chini ya siku moja Colosseum ilisimama kwenye skrini kwa wingu la nukta. Wapiga picha hao hawakujuana. Kamera zao zilikuwa za kila aina, tena zilipiga miaka tofauti. Kuta za Roma zilikuwa palepale katika kila picha, na hilo lilitosha.

Hata hivyo wingu la Colosseum lilikosa kitu kimoja: kipimo. Kwa picha peke yake hakuna njia ya kujua kama jengo lina urefu wa mita 48 au sentimita 48. Mfano wa karatasi uliopigwa picha kwa karibu hutoa miali ileile kabisa. Jiometri hutoa umbo, na mita lazima iletwe kutoka nje. Kwa droni za Zanzibar, hata GPS inayokosea ina msaada, kwa sababu makosa ya maelfu ya picha hayaelekei upande mmoja, na umbo lililokazwa huyasawazisha. Kisha wapimaji huongeza alama zilizopakwa ardhini na kupimwa kwa vifaa vya usahihi, ili umbo lote lipigiliwe mahali pake halisi. Mita za makosa ya kamera moja moja humezwa hivyo, na sentimita hubaki.

Daladala inayogeuka mwezi

Mambo yote hayo yanadai ulimwengu usimame wakati kamera inatembea. Bahari haikubali. Mawimbi ya picha ya kwanza hayapo tena kwenye picha ya pili, na ndiyo sababu ramani za droni huwa na matundu na mikunjo zikishatoka ufukweni kuelekea maji makuu. Kutokuona kitu ni hasara ndogo. Hatari ni kukiona kitu kinachotembea na kukidhania kimesimama.

Tuseme gari lenye kamera linaifuata daladala katika Barabara ya Morogoro, kwa mwendo ule ule na umbali ule ule. Katika kila picha daladala haikui wala haipungui. Kwa mashine inayoamini kwamba kila kitu kimesimama, kitu kisichobadilika huku kamera ikisonga mbele kina maana moja tu: kiko mbali mno, sawa na mwezi. Daladala nyingine inakuja upande wa pili kwa kasi iyo hiyo. Inakua kwenye picha mara mbili ya haraka, na hesabu inatoka kwamba iko nusu ya umbali wake wa kweli na ina nusu ya ukubwa wake. Vyote viwili ni uongo, na hakuna mstari wa epipola uliovunjwa. Kamera moja haina ushahidi wa kuukana.

Kamera ya pili, ikitazama kwa nukta ileile ya wakati, inaukana mara moja. Miali miwili iliyopigwa pamoja hukutana pale kitu kilipo sasa hivi, bila kujali kilikuwa wapi sekunde moja kabla. Katika mchezo wa Super Bowl wa Januari 2001, Takeo Kanade wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kituo cha CBS walitumia wazo hilo kwa kamera zaidi ya 30 zilizozunguka uwanja wa Tampa. Mpigapicha mmoja aliongoza, na kamera nyingine ziligeuzwa na mitambo zitazame pale alipotazama. Ila kamera hizo ziligeuka tu, hazikuhama, na mahali pake palipimwa mapema.

Hali ngumu kweli ni pale kamera kadhaa zinapotembea kila moja njia yake, mikononi mwa watu au juu ya roboti, katikati ya watu wanaotembea pia. Danping Zou na Ping Tan, waliofanya kazi hiyo Singapore, walichapisha mwaka 2013 mfumo walioupa jina CoSLAM. Unavyoshughulikia nukta moja unafaa kutazamwa kwa karibu. Kwanza mfumo hudhani nukta imesimama, na kuijaribu kwa picha za kamera moja za nyakati tofauti. Ikikaa sawa, hupita. Isipokaa sawa, haitupwi: inajaribiwa tena kwa picha za kamera tofauti za wakati mmoja. Ikikubali hapo, basi ni kitu kinachotembea, bega la mtu labda, na mahali pake hukokotolewa upya katika kila fremu. Ikikataa kotekote, ni jozi ya uongo, na inaondolewa.

Faida yake inapita kuwaondoa wapita njia kwenye ramani. Kamera ikielekezwa kwenye umati mpaka ukuta wa nyuma usionekane, haina cha kushikilia. Lakini mabega yale yale, yakionwa na kamera nyingine inayojua ilipo, huisaidia hiyo iliyopotea kujipata. Kamera zikiachana mpaka zisitazame kitu kimoja, mfumo huzigawa katika makundi. Zikikutana tena, huziunganisha.

Saa ni sehemu ya jiometri

Neno "wakati mmoja" lina gharama yake. Mpira uliopigwa kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, ukitazamwa na kamera mbili zinazopiga fremu 30 kwa sekunde lakini zimepishana kwa nusu fremu, unakuwa umesafiri nusu mita kati ya jicho la kwanza na la pili. Miali haikutani tena, au inakutana mahali ambapo mpira haujawahi kufika. Simu nyingi huongeza tatizo: haziichukui picha kwa mpigo mmoja, zinaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, hivyo kichwa na miguu ya mchezaji ni vya nyakati mbili tofauti.

Ushahidi wa kutisha zaidi ulitoka Mirihi. Helikopta Ingenuity ya NASA, iliyoruka huko kwa mara ya kwanza tarehe 19 Aprili 2021, ilikuwa na kamera ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotazama chini na kupiga picha 30 kwa sekunde, pamoja na vihisi vya mwendo na kifaa cha leza cha kupima kimo. Leza ndiyo iliyoleta mita. Tarehe 22 Mei mwaka huo, katika safari ya sita, takriban sekunde 54 baada ya kupaa, picha moja ilipotea njiani kabla ya kufika kwenye kompyuta. Moja tu. Lakini kuanzia hapo kila picha ilibeba saa isiyo yake. Helikopta ilitazama ardhi ya sasa ikidhani ni ya wakati mwingine, ikajiona imekosea, ikajirekebisha, ikajiona imekosea tena. Iliyumba mbele na nyuma, ikainama zaidi ya nyuzi 20, kisha ikatua salama takriban mita 5 kutoka ilipokusudiwa. Ilisalimika kwa sababu wahandisi walikuwa wameipangia isitumie picha za kamera katika hatua ya mwisho ya kutua.

Iliruka mara 66 zaidi. Safari ya 72, tarehe 18 Januari 2024, ilikuwa ya mwisho: chini kulikuwa na mchanga wa mawimbi laini usio na mawe wala alama, kamera ikakosa nukta za kutosha za kufuata, helikopta ikagusa ardhi ikiwa bado na kasi ya pembeni, na mabawa yake yanayozunguka yakavunjika. Safari hiyo saa ilikuwa sawa, na ardhi ilisimama kama inavyotakiwa, lakini haikuwa na kitu cha kushika.

Mtandao wa neva unaingia

Tangu mwaka 2020 kazi hii imepata wageni. Mfumo wa NeRF, unaochora mandhari kwa mtandao wa neva kutokana na picha chache, uliwashangaza wengi, ingawa kwa picha halisi mahali pa kamera zake palitafutwa kwanza na programu ya COLMAP, inayofuata njia zilezile za RANSAC na kukaza miali. Mwishoni mwa mwaka 2023 DUSt3R ya maabara ya Naver huko Ufaransa iliziruka hatua hizo: ukiipa picha mbili tu, mtandao hutoa umbo moja kwa moja, na mahali pa kamera hupatikana baadaye. VGGT, ya Chuo Kikuu cha Oxford na kampuni ya Meta, ilifanya hivyo mwaka 2025 kwa picha nyingi kwa mpigo mmoja, ndani ya sekunde chache.

Mitandao hiyo haipingi hoja ya mstari wa epipola. Imeisoma kutoka kwenye mifano mingi, ambayo sehemu yake ilikokotolewa kwa jiometri ya zamani. Baadhi yake hujaribu hata kutaja mita, kwa kuwa imeona milango na magari mengi kiasi cha kukisia urefu wake. Kukisia huko hufanya kazi barabarani na sebuleni. Anayepima kiwanja au anayetua na chombo bado huchukua leza, alama iliyopakwa ardhini, au kamera mbili zilizofungwa kwenye chuma kimoja kwa umbali uliopimwa, kwa sababu mlango wa nyumba ya mwanasesere una umbo lile lile la mlango wa nyumba, na mtandao uliozoea milango ya mita mbili utautaja kuwa mita mbili.